Barabara Kuu ni Ipi? Mvutano wa Kupanga Barabara kwa Madaraja Kwenye Ramani za Kujitolea

Chukua barabara ya changarawe yenye urefu wa kilomita 85, inayounganisha miji miwili mikubwa isiyo na njia nyingine kati yake. Kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea tangu 2004, mchoraji mmoja anaiandika kuwa barabara kuu. Mwingine anaishusha hadi daraja la tatu, akisema barabara kuu haiwezi kuwa ya vumbi. Wa kwanza anairudisha, wa pili anaishusha tena. Wote wawili wameipita barabara hiyo, na wote wanasema kweli.

Mvutano huu una asili yake. Mradi ulianzia Uingereza, ukachukua ngazi za barabara za huko: barabara za kasi, barabara kuu, kisha daraja la kwanza, la pili na la tatu. Huko, umuhimu wa barabara, upana wake na ubora wa lami yake mara nyingi huenda pamoja, hivyo daraja moja lilitosha kubeba yote matatu. Kwingineko mambo hayo huachana. Dalton Highway ya Alaska, iliyojengwa 1974, ina kilomita 666 na sehemu yake kubwa ni changarawe, lakini ndiyo barabara pekee ya kufika kwenye visima vya mafuta vya Prudhoe Bay. Kwa sura ni njia ya vumbi. Kwa kazi inayofanya, eneo lote lile halina barabara inayoizidi.

Wanaopima daraja kwa hali ya barabara wana hoja nzito. Programu za kuelekeza njia hukisia mwendo kutokana na daraja. OSRM, mojawapo ya zinazotumika sana, katika mipangilio yake ya kawaida ya magari huipa barabara kuu kilomita 85 kwa saa na ya daraja la tatu 40. Ile barabara yetu basi inakuwa ya saa moja au ya saa mbili na dakika kadhaa, kutegemea nani aliihariri mwisho. Anayepanga safari ya gari la wagonjwa akiambiwa saa moja, amedanganywa. Inasikitisha kuona hoja hii ikijibiwa kwa "kasome mwongozo".

Hata hivyo, tiba wanayoitoa si sahihi. Programu hiyo hiyo husoma pia lebo ya uso wa barabara, yaani maelezo mafupi yanayoambatanishwa na barabara kwenye ramani: changarawe hushusha mwendo hadi 40, matope hadi 10. Iache barabara yetu iwe kuu, andika kwamba ni changarawe, na muda unarudi kuwa zaidi ya saa mbili. Andika matope, zinakuwa saa nane na nusu. Hali ya barabara ina mahali pake pa kuandikwa, hakuna haja ya kulitoa daraja kafara. Na kushusha kuna gharama: ramani ikitazamwa kwa mbali huonyesha madaraja ya juu tu, kwa hiyo eneo lenye barabara za vumbi pekee huonekana kama halina watu wala miji. Ndiyo maana mwongozo wa mradi kuhusu barabara za Afrika unatanguliza umuhimu, na uso unaandikwa kando.

Mimi niko upande huo, kwa sharti moja: anayepandisha daraja bila kuandika uso wa barabara ameacha nusu ya kazi, tena ile ambayo kuiacha kunaweza kuumiza watu.

Ugumu ni kwamba lami huonekana kwenye picha za setilaiti, umuhimu hauonekani. Tangu tetemeko la Haiti la 2010, wachoraji wa mbali walipoichora nchi hiyo kusaidia uokoaji, wengi wamechora maeneo ambayo hawajawahi kukanyaga. Mstari mpana wa udongo mwekundu unaweza kuwa njia ya magari ya magogo inayoishia msituni. Baadhi hukimbilia orodha ya serikali ya madaraja ya barabara, na si vibaya: inathibitika na inapunguza ubishi. Lakini orodha huchelewa. Barabara ya mchepuko hufunguliwa, malori yakahamia huko, na ya zamani ikabaki na namba yake ya heshima. Kwangu orodha ni pa kuanzia tu.

Wachoraji wa Marekani walibishana kwa miaka: je, barabara kuu ni ile iliyojengwa kwa mwendo wa kasi, au inayounganisha miji muhimu? Mwongozo wao wa 2021 uliegemea umuhimu, na mjadala wa utekelezaji ukashushwa jimbo kwa jimbo. Huo ndio utaratibu ninaoutetea: maafikiano yaandikwe na wanaolijua eneo, kabla ya mtu kugusa mtandao mzima wa barabara. Anayebadilisha madaraja ya nchi nzima kwa jioni moja, mabadiliko yake yafutwe kwanza, hata kama ana haki, maana kazi aliyoifuta ni ya watu waliozipita barabara hizo moja moja.

Zinabaki barabara ambazo mto huzikata miezi kadhaa kila mwaka. Kiangazi ni kuu, masika hazipo. Zipo lebo za kuandika miezi ambayo njia hufungwa, ila si kila programu huzisoma. Hizo ningeziacha kwenye daraja la wakati zinapopitika, kisha nichore kivuko cha mto kwenye nukta yake hasa, kwa sababu hapo ndipo magari yanapokwama.