Barua ya ukaguzi wa kodi haitafutiwi shemeji

Mfanyabiashara wa huku kwetu Kusini akiletewa barua ya ukaguzi na Mamlaka ya Mapato (TRA), hafungui kwanza kabati la mafaili. Anashika simu. Anampigia shemeji yake Dar, shemeji anampigia mtu aliyesoma naye, na hadi jua linazama barua imeshapigwa picha, iko WhatsApp kwa watu wa Newala, Nachingwea na Tunduru, wote wanaulizana nani anamjua nani. Kabati bado limefungwa.

Natunza vitabu vya wafanyabiashara hapa Mtwara mjini, wengi wa vifaa vya ujenzi, vipuri vya pikipiki na maduka ya jumla. Kwenye jambo hili sina kigugumizi: ukikaguliwa, weka mtu wa kukuwakilisha, na umweke barua inapofika, usisubiri makadirio yatoke, yaani hesabu ya kodi ambayo TRA inakudai baada ya ukaguzi. Awe mshauri wa kodi aliyesajiliwa na TRA. Wengi wao ni wahasibu wenye CPA (cheti cha taaluma ya uhasibu) au mawakili, na orodha yao iko kwenye tovuti ya TRA, kila mtu anaweza kuisoma. Kishoka, yule dalali asiye na usajili anayejidai kumaliza mambo, hayumo kwenye orodha hiyo.

Kwa nini mapema? Kwa sababu ya theluthi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inampa mlipakodi siku 30 za kuweka pingamizi tangu apokee makadirio. Lakini pingamizi halipokelewi kwa maneno matupu. Lazima ulipe ile sehemu ya kodi usiyoibishia, au theluthi moja ya kodi yote iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa. Tuseme umekadiriwa Sh milioni 90 na unazipinga zote. Sh milioni 30 zinatakiwa kabla hoja zako hazijaanza kusikilizwa. Sasa ingoje barua hiyo ikukute mwezi wa nne, fedha za korosho zimeshaisha mitaani, watu wanakopa hata misumari. Unaweza kumwomba Kamishna apunguze kiasi hicho au akusamehe, ukiwa na sababu ya maana, ila maombi hayo nayo yana uandishi wake na siku zako 30 hazisimami kukungoja. Siku zikipita hujalipa wala hujakubaliwa, kodi iliyokadiriwa inabaki kuwa kodi unayodaiwa.

Kwa hiyo mahali pa bei nafuu pa kubishana ni kabla makadirio hayajatoka: kwenye kikao cha kwanza, kwenye maswali ya mkaguzi, na zaidi ya yote kwenye majibu ya barua ya matokeo ya awali, ile inayokueleza mkaguzi ameona nini. Pale hulipi theluthi ya chochote. Unatoa karatasi, unaeleza, hoja moja inafutwa, nyingine inapungua. Wengi wa huku barua ile ya matokeo ya awali wanaiweka droo wakidhani ni taarifa tu, kisha wanashtuka makadirio yakija na namba zilezile.

Nitoe mfano. Mama mmoja wa Masasi ana duka la vifaa vya ujenzi, na pembeni ya kaunta ni wakala wa fedha za simu. Akaunti ya benki ni moja kwa yote. Mkaguzi alijumlisha fedha zote zilizoingia kwenye akaunti kwa mwaka, akalinganisha na mauzo ya EFD (mashine ya risiti za kielektroniki) na ritani, yaani taarifa za kodi, alizopeleka. Tofauti ilikuwa kubwa mno, na tofauti ya namna hiyo kwa kawaida huhesabiwa kuwa mauzo yaliyofichwa: asilimia 18 ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) juu yake, kodi ya mapato juu yake, halafu riba na adhabu. Mkaguzi hakumwonea. Fedha imeingia, maelezo hayapo, na kuthibitisha kwamba makadirio yamezidi ni kazi ya mlipakodi mwenyewe.

Mshauri aliyemchukua alianza kwa kuichapisha taarifa ya benki yote, akakaa naye ukurasa kwa ukurasa, kalamu ya rangi mkononi. Nilikuwepo, maana vitabu nilikuwa navyo mimi.

“Mama, hii milioni mbili na laki nne ya mwezi wa kumi na moja ni ya nini?”

“Hiyo ya korosho za baba watoto. Akaunti yake ilikuwa na matatizo.”

“Risiti ya AMCOS, ya chama cha ushirika, iko wapi?”

“Iko nyumbani, kwenye begi.”

“Begi lije kesho.”

Likaja. Ndani yake kulikuwa na risiti za kilo zilizopelekwa ghalani, mkataba wa mkopo wa benki, daftari la kikundi lenye mgao wa vikoba, na orodha ya michango ya unyago wa mtoto wa dada yake. Fedha za uwakala zilikuwa ndizo nyingi kuliko zote: leo anaweka, kesho anatoa, keshokutwa anaweka tena zilezile, na kila zikiingia benki zinahesabiwa upya. Ripoti ya miamala kutoka kampuni ya simu ilizitenganisha mstari kwa mstari. Kilichobaki baada ya hapo kilikuwa kidogo, na kilikuwa cha kweli: bati alizouza bila kutoa risiti, msimu foleni ilipokuwa ndefu. Mshauri akamwambia wazi, “Hizi hapa mama, hatuna cha kusema. Lipa.” Akalipa.

Angekwenda peke yake angejibu nini? Namfahamu. Angesema “hizo ni za biashara tu, mwanangu,” kwa adabu na kwa kuogopa kuonekana mbishi, na kila “ni za biashara tu” ingesimama kama mauzo. Watu wetu wanadhani mwakilishi kazi yake ni kubishana. Kwa nilivyoona, sehemu kubwa ya kazi yake ni kuhakikisha swali limejibiwa na karatasi, na kwamba anayejibu ni mmoja. Kuna duka lingine ambako kijana wa kaunta aliulizwa hali ya soko naye akajibu kwa fahari kwamba siku hizi wanauza balaa. Tajiri yake alikuwa nyuma, anatafuta stuli ya mgeni.

Mwakilishi mzuri pia atakueleza mambo usiyopenda kusikia. Kodi ya zuio ya pango ni mojawapo. Mpangaji wa biashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA, mwenye nyumba anapokea kilichobaki. Jaribu kumwambia mzee mwenye fremu pale sokoni kwamba utamkatia! Atakuambia fremu ina wateja wengine. Basi mpangaji analipa pango zima, ukaguzi unakuja, asilimia 10 inadaiwa kwake na riba juu. Hapo mshauri hana uganga. Atakachofanya ni kuhakikisha hesabu inakwenda kwa pango halisi lililo kwenye mkataba, na mwaka ujao mkataba uandikwe vizuri.

Kuna na jambo dogo la karatasi za EFD. Karatasi ile inachapwa kwa joto, na kwa joto la Mtwara na Lindi haichukui muda kufifia. Sheria inataka utunze kumbukumbu kwa miaka 5. Nimeshika mafaili ya manunuzi yaliyopangwa kwa tarehe, safi kabisa, na kila risiti ndani yake ni karatasi nyeupe. Toa kopi wiki hiyohiyo uliyonunua, au ipige picha na kuihifadhi mahali panapoeleweka. Hili halihitaji mshauri, ila mshauri hawezi kukuokoa bila hilo.

Turudi kwa kishoka. Huyu huwa anawahi kufika kuliko mshauri, na huwa na maneno matamu. Hataki barua ya uteuzi. Hana risiti ya malipo yake. Mafaili yako hayaombi hata kuyaona, na hilo peke yake lingetosha kukutisha, maana atamteteaje mtu ambaye hesabu zake hajazisoma? Anachoomba ni “ya kuongea na watu.” Mara nyingi haongei na mtu yeyote, anakula fedha yako, siku 30 zinapita, simu haipatikani. Na kama kweli anaongea na watu, basi umenunua kesi ya rushwa juu ya deni la kodi, na TAKUKURU haitamhoji yeye peke yake. Ikumbukwe pia kwamba chochote kinachopelekwa kwa jina lako ni chako. Akipeleka risiti za kughushi, mlipakodi ni wewe.

Ukimpata mtu sahihi, muwekeane maandishi. Barua imtaje kwa jina, itaje miaka inayokaguliwa na aina za kodi anazokuwakilishia. Nyaraka zikitoka dukani ziende na orodha, na anayepokea asaini. Malipo yawe ya kiasi kinachojulikana. Ule utaratibu wa kumlipa asilimia ya kodi “aliyookoa” siupendi: unamfanya apinge hata asichopaswa kupinga, na anayepoteza muda ni wewe.

Halafu kuna swali ambalo wateja wangu wananiuliza mimi mwenyewe: si mhasibu ninaye, kwa nini niongeze mtu? Najibu hivi, na jibu langu linaninyima fedha. Aliyetengeneza hesabu anatakiwa awepo, anajua kila namba ilikotoka. Lakini akisimama mbele ya mkaguzi anaitetea kazi yake mwenyewe, na panapokuwa na kasoro ya kwake ni binadamu, ataifunika. Mtu wa pili, asiye na uchungu na vitabu hivyo, ataiona na kukuambia mapema.

Najua hoja ya gharama, na sitaki kuidharau. Mwenye genge, mwenye kibanda cha chipsi, fundi cherehani wa Chikongola, wote walio chini ya mauzo ya Sh milioni 100 kwa mwaka na wanaokadiriwa kwa mauzo ghafi, sioni haja ya kuwabebesha mshauri. Aende mwenyewe na daftari lake la mauzo, aulize, aandike alichojibiwa. Ofisini wanamsikiliza mtu mwenye daftari. Aliyevuka milioni 100 tayari anatakiwa kuwa na hesabu kamili, na aliyevuka milioni 200 amesajiliwa VAT, kila mwezi ana ritani. Huyo akiniambia hana fedha ya mshauri wakati anabishania milioni 90, namwangalia tu.

Pingamizi likishindikana, Kamishna akatoa uamuzi wake, mlango unaofuata ni Bodi ya Rufaa za Kodi: taarifa ya kusudio ndani ya siku 30, rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Juu yake kuna Baraza la Rufaa za Kodi, kisha Mahakama ya Rufani, ambako kinachosikilizwa ni hoja za sheria. Kule ningetafuta wakili bila kujiuliza mara mbili. Kwa malalamiko ya huduma na utaratibu, siyo ya kiasi cha kodi, ipo taasisi ya usuluhishi wa malalamiko ya kodi, TOST, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Fedha ya 2019. Huku kwetu wachache wanaijua.

Tatizo letu kubwa ni umbali. Taasisi ya Uhasibu ina kampasi hapahapa Mtwara, vijana wanahitimu kila mwaka, lakini ninaowajua wakishapata CPA wanapanda basi kwenda Dar na hawarudi. Mshauri unampata kule, kilomita zaidi ya 500, na barabara yetu tunaijua. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata pale Somanga, mafaili ya watu yalikwama upande mmoja na washauri wao upande mwingine. Sheria inaruhusu kuomba kuongezewa muda wa pingamizi kwa sababu ya msingi, ila uombe mapema na kwa maandishi. Kumwambia afisa kwa simu “barabara imekatika, kaka” hakuna uzito wowote kwenye faili.

Wafanyabiashara kadhaa wa Masasi wameanza kuzungumzia kumlipa mshauri mmoja kwa pamoja, awe anashuka Kusini kabla minada ya korosho haijaanza Oktoba, apitie vitabu vya kila duka ukaguzi ukiwa bado haujabisha hodi. Ningependa na wa Lindi mjini na Kilwa wafanye hivyo. Agosti ingekuwa nzuri, watu wana nafasi. Wachangie nauli na malazi, hiyo ni sawa. Mkataba kila duka lisaini wa kwake, na kila mtu akae na mshauri peke yake, mlango umefungwa. Jirani yako wa bati hahitaji kujua unauza ngapi kwa siku.