Viwanja vya Bagamoyo na moto wa nyasi: kanuni imbane nani?

Kaskazi inapovuma na jua la Februari likiwaka, nyasi za Zinga na Kerege hukauka hadi zinalia ukizikanyaga. Nilikuwa kwenye kiwanja cha ndugu yangu siku jirani alipochoma magugu kusafisha shamba lake. Upepo ukageuka. Cheche ikaruka ukuta, ikatua kwenye banda la kuku la makuti, na kabla hatujachota ndoo ya pili kisimani banda lilikuwa limekwisha. Tuliupiga moto kwa matawi ya mwarobaini. Kupiga 114 kusingetusaidia: kichochoro alichotuachia dalali kinapitisha bodaboda, gari la zimamoto halipiti.

Ndiyo maana wanaodai kanuni kali za moto kabla ya kugawa mashamba kuwa makazi wananigusa. Wana mifano mizito. Agosti 2023 mji wa Lahaina, Hawaii, uliungua na watu wapatao 100 wakafa. Moto ulilishwa na nyasi zilizojaa kwenye mashamba ya zamani yaliyotelekezwa, na baadhi ya nyasi hizo asili yake ni huku kwetu Afrika. Huko Paradise, California, Novemba 2018, walikufa watu 85. Nyumba zilizojengwa baada ya kanuni mpya za ujenzi za 2008 zilinusurika karibu nusu. Za zamani, haikunusurika hata moja kati ya tano.

Wapinzani wa kanuni nao hawasemi ovyo. Makuti ni nafuu, yanapoza nyumba, na mzee mwenye minazi yake huezeka bila kukopa. Ukimlazimisha kununua bati, umempokonya nyumba kwa jina la kumlinda. Tena Sheria ya Mipangomiji ipo tangu 2007, na ya Zimamoto na Uokoaji ni ya mwaka huohuo. Ukiongeza kibali kingine unaongeza dirisha la kuombea chochote, na mnyonge atakimbilia viwanja visivyopimwa, ambako hakuna kanuni kabisa. Hili la mwisho ndilo linalonitia hofu zaidi.

Lakini turudi Paradise. Waliochunguza baadaye walikuta kwamba umbali wa nyumba na nyumba iliyoungua ulikuwa na uzito mkubwa sana katika kuamua ipi isimame. Umbali huo haupangwi na fundi wa paa. Unapangwa siku shamba linapokatwa vipande vya mita 20 kwa 20 na bikoni kusimikwa. Kwa hiyo kanuni imbane anayegawa na kuuza, kabla hajapokea shilingi ya kwanza: njia ya kupita gari kubwa, ukanda uliofyekwa pale viwanja vinapopakana na pori, na mahali pa kuchota maji mengi kwa haraka. Mzee wa makuti aachwe na makuti yake, ila yawe mbali na ukuta wa jirani.

Bei itapanda kidogo, sikatai. Muuzaji hatameza gharama yote. Ila njia ikishajengewa, kuifungua ni kubomoa nyumba ya mtu, na gharama hiyo hakuna anayeiandika kwenye hati ya mauziano.

Ndugu yangu ameanza kuurudisha ukuta wake nyuma mita mbili. Jirani wa mbele bado hajakubali.