Mkaguzi wa mkate wa ndizi

Jamani ukioka mkate wa ndizi wenye chokoleti ndani, kile kijiti cha meno cha kupimia shika mwenyewe. Usimpe mtu. Hasa usimpe mdogo wangu.

Mkate ulianza vizuri tu. Ndizi zilikuwa zimeiva mpaka maganda meusi, zile ambazo kila anayepita mezani anauliza "hizi bado hamjatupa?", kumbe ndo zenyewe, maana ndizi ikifika hapo wanga karibu wote umeshageuka sukari na ukiiminya kwa uma inakuwa uji. Nikaponda 3, nikatia siagi, sukari, mayai 2, unga kama gramu 250, beking soda kijiko kimoja cha chai, nikakoroga kidogo tu na madonge yake nikayaacha hivyohivyo kwa sababu unga ukikorogwa sana unavuta, mkate unatoka mgumu. Chokoleti sikuisaga, niliikata kwa kisu vipande vikubwa vya maana. Korosho nikazikaanga kavu kwanza mpaka zikanukia na hapo ndo mheshimiwa akatokea. Yani huyu ukimwita aoshe vyombo hasikii, ila korosho ikiguswa tu na moto keshafika jikoni, "dada nikusaidie nini?"

Basi nimeshatia kwenye oveni, nyuzi 180, mama akapiga simu. Wanaomjua mama wanajua hiyo simu si ya dakika 5. Nikamwambia bwana mdogo, huu unakaa kama lisaa limoja hivi, ikifika dakika 50 chomeka kijiti katikati, kikitoka kikavu toa, kikitoka na uji rudisha. Akasema sawa dada, hilo tu?

Nusu saa haijafika nasikia mlango wa oveni, kwaa!

"Bado dada!"

Najua bado, funga! Kimya kidogo, kwaa tena. "Bado kabisa!" Na mimi simu nimeiweka spika kwa sababu nakunja nguo, mama akadaka, "nini hicho bado?" Nikamwambia mkate wa ndizi mama. "Mkate gani huo tangu tumeanza kuongea hauivi? Mwambie aongeze moto." Nikasema hapana mama usi... weee, mtu ambaye kuosha vyombo hasikii hilo alilisikia kutoka jikoni. "Sawa mama, naongeza!"

Nikaona nimalizie shati nililoshika kisha niende, mara harufu ikabadilika, ile ya ndizi na siagi ikapotea ikaja ya kitu kinachoungua. Nikakimbia na simu mkononi. Namkuta amechuchumaa mbele ya oveni, glovu kavaa mikono yote miwili, pembeni kaweka sahani na vijiti vimepangwa mstari, kila kimoja kina kitu cha kahawia kwenye ncha. Ushahidi huo.

"Ona mwenyewe, vyote vina uji."

Nikachukua kimoja nikaonja. "Hii si ni chokoleti!"

"Najua."

"Unajua?"

"Sasa dada, vingine si nimelamba. Chokoleti mbichi. Ingekuwa imeiva si ingekauka?"

Hapo nilikaa chini kwanza. Nikamwambia chokoleti inayeyuka hata kiganjani, kwenye oveni itakaukaje, ukiona kahawia unachoma sehemu nyingine pasipo na kipande, ikitoka chembechembe za mkate basi umeiva. Akanisikiliza kwa heshima zote halafu akauliza, "kwa hiyo ule wa mwanzomwanzo ulikuwa umeiva?" Sikujibu.

Tukautoa. Juu mweusi, katikati umebonyea kwa sababu ya ule mlango kufunguliwa kabla haujashika, na matundu yake unaweza kuchujia nazi. Kisu cha kwanza kiligoma. Tukaleta kile chenye meno, tukakwangua ganda lote la juu, ndani tukakuta kipande cha wastani hivi kimesalimika, laini, korosho zinavunjika mdomoni, chokoleti inavutika kama kawaida yake. Mkaguzi alikuwa wa kwanza kukata.

Simu nayo ilikuwa bado hewani. "Haya," mama anauliza, "umeiva sasa?"

Bwana mdogo akaisogelea mdomo umejaa. "Mkate umeiva mama. Chokoleti ndo bado."