Kujichunguza Sana Hakumaanishi Kujitambua

Mtu anayetaka kila alifanyalo liwe kamilifu huonekana kujifahamu kuliko wengine, maana hakuna kosa lake linalompita. Anajua aya ipi ya ripoti yake imelegea, na akisifiwa huwa amekwisha kuitafutia sifa hiyo dosari kabla msemaji hajamaliza. Hata hivyo, mtu anaweza kuzijua dosari zake zote asijue kwa nini zinamtisha kiasi hicho, na hapo ndipo wengi hukwama.

Wanaoitetea hulka hii wana hoja nzito. Hakuna anayetaka daktari wa upasuaji au fundi wa ndege aridhike na kazi ya kulipua. Mwaka 1978 mwanasaikolojia Don Hamachek alitenganisha kupenda ukamilifu kwa kawaida, ambako mtu hufurahia juhudi yake na hulegeza kamba panapofaa, na kule kunakofanana na maradhi, ambako hakuna kazi inayomridhisha. Naukubali mgawanyo huo, ila mhusika mwenyewe ni vigumu kujua yuko upande upi, kwa kuwa pande zote mbili husema maneno yale yale: napenda kazi safi.

Mtazame mtu mwenye barua ya ukurasa mmoja tu. Usiku umekwenda, ameibadilisha “naomba” kuwa “ningependa kuomba”, kisha akairudisha “naomba”. Ukimuuliza, atasema anatafuta makosa, na atakuwa anasema kweli kadiri anavyojua. Makosa yalikwisha zamani. Kinachomzuia kuituma ni uso wa yule atakayeisoma.

Wanasaikolojia Paul Hewitt na Gordon Flett walionyesha mwaka 1991 kwamba kupenda ukamilifu kuna vyanzo zaidi ya kimoja: yapo madai tunayojiwekea, yapo tunayowawekea wengine, na yapo yale tunayoamini kwamba wengine wanatudai. Watafiti Thomas Curran na Andrew Hill, katika uchambuzi wao wa takwimu za wanafunzi zaidi ya 41,000 wa vyuo vya Marekani, Kanada na Uingereza zilizokusanywa kati ya 1989 na 2016, waliona aina zote tatu zikiongezeka, na hiyo ya mwisho ikipanda kuliko zote. Kwa maoni yangu, ndiyo pia ngumu zaidi kuitambua, kwa sababu madai ya watu yakishakaa moyoni muda mrefu, mtu huyasikia kama matakwa yake mwenyewe.

Basi, je, ajichunguze zaidi? Ushauri huo hutolewa kwa wepesi mno. Wanasaikolojia Shelley Duval na Robert Wicklund walieleza mwaka 1972 kwamba mtu anapojielekezea macho huanza kujipima kwa viwango vyake, na akiona pengo hupatwa na karaha inayomsukuma ama ajirekebishe, ama akwepe kujitazama. Kwa mwenye viwango visivyofikika, kila akijitazama hujikuta kizimbani. Hata kujitambua kwenyewe hugeuka mtihani mwingine: anaanza kuandika shajara ili ajielewe, kisha anajisuta kwa siku alizoziruka.

Kwa hiyo wanaosema mtu aache kujichimba na afanye kazi wana sehemu ya ukweli, lakini hofu isiyotajwa hubadili nguo tu: akitoka kwenye barua ataikuta kwenye malezi, na hata kwenye mapumziko. Naona kinachohitaji kubadilika ni swali lenyewe. “Nimekosea wapi?” humrudisha kizimbani, “niliogopa nini nilipokuwa nafanya hili?” humpa jambo la kujifunza. Na kwa kuwa jibu lake mwenyewe laweza kuwa limepambwa, anahitaji jicho la pili: amwonyeshe mtu anayemwamini kazi ambayo bado haijakamilika, akiwa ameandika kwanza anachotarajia kuambiwa. Tofauti kati ya hukumu aliyoitarajia na maneno atakayoyasikia itamwonyesha ni kiasi gani cha hofu yake kilitoka kwa watu, na ni kiasi gani alikibeba mwenyewe.