Pedali Iko kwa Friji, Mtu Asiguse

Swali yenye nimechoka nayo ni hii ya "sasa hizi zote ni za nini?" Mtu anaingia kwangu hapa Nyalenda, Kisumu, hata chai hajawekewa, macho yake yanatua kwa lile sanduku la pedali chini ya meza, vile vidude vya kukanyaga vya kubadilisha sauti ya gitaa, yanapanda kwa ampu mbili za kukuza sauti kando ya kabati, yanamalizia kwa gitaa zenye ziko ukutani, halafu anavuta pumzi na anauliza. Na anauliza akiangalia mama watoto, si mimi, anauliza ile ya kumpa pole. Sijawahi kuona mtu akimuuliza mama watoto sufuria ni za nini, na kuna ile moja kubwa ya matanga yenye tangu inunuliwe haijapikiwa kitu hapa kwetu, kazi yake ni kuazimwa na kurudishwa ikiwa imebonyea. Lakini mimi sisemi kitu. Mimi ndio niko na shida ya vitu.

Haya, nieleze mara moja. Ile ya rangi ya chungwa ni Boss DS-1, iko sokoni tangu 1978, kazi yake ni kukwaruza sauti. Ile ya kijani ni Tube Screamer, hiyo haikwaruzi, hiyo inasukuma ampu kidogo mpaka ampu yenyewe ianze kulia, na kama husikii tofauti hapo basi tuongee mambo ya mpira. Ya buluu ni korasi, hiyo inafanya gitaa moja isikike kama ziko kadhaa. Kuna dilei, hiyo inarudia chenye umepiga. Kuna ile ndefu ya kukanyagwa na mguu, hiyo sauti yake unaijua hata kama hujui jina. "Na mbona za kijani ni mbili?" Moja ni ya zamani. "Zinafanya kazi tofauti?" Hapana, kazi ni moja. Sasa mtu akifika hapo ananyamaza na anatingisha kichwa polepole.

Ile ya zamani niliwahi kuipeleka kwa fundi wa redio Kibuye kwa sababu swichi ilikuwa inashika inaachilia. Akaifungua, akachungulia, akacheka mpaka akaita jirani yake anayeuza chaja. Kumbe ndani kuna kile kidude cha miguu minane, 4558, chenye huko nje watu wanakosana kabisa juu yake, mwingine hataki pedali mpaka aone imeandikwa JRC, jina la kiwanda, mgongoni, na huyu jamaa ako nazo kwa droo, amezing'oa kwa redio kaseti zilizokufa kitambo. "Omera, ulinunua hii pesa ngapi?" Nikamwambia nilipewa. Mama watoto alikuwa hapo kando yangu amebeba sukuma, singeweza kujibu vingine.

Lakini hiyo ni kidogo. Hebu nieleze ya friji ndio muelewe vile mimi naishi.

Niko na pedali ya fuzi, ya kukwaruza sauti mpaka ingurume, ile ya duara, imetengenezwa kwa kuiga Fuzz Face yenye ilitokea London 1966. Vifundo viwili juu, chini kidogo maandishi yamepinda, ukiiangalia kwa mbali unaona macho na mdomo, na hivyo ndivyo ilivyopata jina. Ndani yake kuna transista mbili, vile vidude vidogo vya kukuza umeme, za jerimeniamu, madini ya zamani ya kuzitengeneza. Sasa jerimeniamu haipatani na joto. Joto likipanda inaanza kuvujisha umeme wenye haikutakiwa kupitisha, ile mizani ya ndani inahama, sauti inaanza kukatika katika, noti unaipiga inakufa kabla uiachilie. London huko baridi ni kawaida, mtu alikuwa anaipiga mwaka mzima bila kufikiria. Kisumu Februari saa nane mchana, mabati juu, digrii 30 na kitu, hapo fuzi haipigi muziki, inakohoa. Na sikujitungia hii ya kuipoza, kuna wapiga gitaa wengine wanaifanya. Kwa hivyo siku ya kazi naiweka kwa friji masaa mawili hivi kabla ya kutoka. Nimeifunga kwa kitambaa, nikaiweka ndani ya mkebe wa aiskrimu ili isipate maji, kwa sababu mfuko wa plastiki wenye ungenisaidia ulipigwa marufuku 2017.

Mkebe wa aiskrimu kwa friji. Ndio. Watoto walishazoea kuufungua na kupata maharagwe, wakaufungua wakapata pedali, wakalia kilio kile kile.

Shida ilikuja na shangazi yangu kutoka Ugunja. Shangazi ni mama wa maombi, anaamka saa tisa usiku, na akikutembelea anakusaidia kupanga nyumba kama hujamuomba. Akafungua friji akitafuta maziwa, akashika mkebe, akatoa kitambaa, akakutana na uso. Baridi kabisa, macho mawili, inamchekea, na imezungushiwa kitambaa chekundu (ndicho kilikuwa karibu, jamani, si mimi nachagua rangi). Hakupiga nduru. Alikuja sebuleni polepole, akakaa, akaniita jina langu la ubatizo. "Mtoto wangu. Ni nani alikwambia uweke hiyo kitu kwa chakula?" Shangazi, hiyo ni ya kazi. "Kazi gani?" Ya muziki, shangazi, inasikia joto. "Inasikia?" Na hapo nikajua nimeongea vibaya lakini ungeeleza jerimeniamu vipi kwa mtu tayari ameshavua viatu. Akaombea nyumba, akaombea friji kivyake, halafu mimi nikiwa naoga akachukua pedali akaiweka nje juu ya ukuta, kwa jua, ipate mwanga. Saa saba mchana. Nilipoitoa hapo ungekaanga yai juu yake. Usiku huo Kondele niligusa ile pedali ikatoa sauti moja tu na sitairudia hapa.

Na hiyo fuzi pia haitaki kula na wenzake. Pedali zangu zingine zote ardhi yake, ule upande wa betri wenye unashikana na mkebe wa chuma, ni hasi, yake ni chanya, ukiiunganisha kwa adapta moja na wenzake unafanya shoti, kwa hivyo lazima iwe na betri yake peke yake. Betri ya volti 9, ile ya mraba. Ambayo inatuleta kanisani.

Kanisani napiga bure, sijawahi kulalamika. Lakini maikrofoni ya mchungaji ile isiyo na waya inatumia betri gani? Volti 9. Na jamaa wa mitambo hajawahi hata siku moja kununua betri, kwa nini anunue na anajua pahali ziko. Tunafika katikati ya ibada, waimbaji wameshuka, mimi nimeenda nyuma kunywa maji, narudi kupiga wimbo wa toleo, nakanyaga pedali, kimya. Nageuza, kifuniko kiko wazi. Mchungaji saa hiyo ananguruma na betri yangu, anahubiri juu ya kutotamani mali ya jirani, na mimi nimekaa hapo nasema amina. Utasema nini? Utasimamisha mahubiri? Na zile chache zinabaki, watoto wa kwaya wanachomeka waya kwa pedali wakijaribu jaribu, wanaacha hapo hapo, na pedali ikishachomekwa waya upande wa gitaa imewaka hata kama taa haionekani, inakula betri mpaka Jumapili ijayo.

Tuje kwa ampu. Shemeji wangu wa Marekani aliniletea Twin Reverb, na namshukuru, Mungu ambariki, ni ampu mtu anaiota, zilianza kutoka 1963, spika mbili za inchi 12, valvu nyuma, zile chupa za kioo, zinawaka rangi ya jioni. Lakini shemeji aliinunua kule kule, ya volti 120. Sisi hapa ni 240. Kwa hivyo ampu ni karibu kilo 30 na lazima iandamane na transfoma ya kushusha volti, nayo ni chuma tupu, nzito kushinda vile inaonekana, na mtu wa boda akiona hivyo viwili anazima pikipiki kabisa ndio tuongee vizuri. Na usifikirie transfoma inamaliza mambo. Inashusha volti tu, ile mizunguko inaacha vile iko, huko kwao ni 60 kwa sekunde, hapa ni 50, kwa hivyo ampu inapata moto zaidi ya vile ilizoea. Mende wanajua. Ukifungua nyuma asubuhi unapata mkutano.

Na kazi yangu mimi kila tukifika pahali si kupiga gitaa, ni kulinda soketi. Kwa sababu kila mahali kuna jamaa mkarimu, hujui jina lake, ako na shati imechomekwa vizuri, anataka kusaidia, anachukua waya ya ampu anatafuta ukuta. "Hii naweka wapi mkubwa?" Usiweke! Usiweke popote! Ananiangalia vile mtu anaangalia mchoyo. Na stima ikipotea katikati ya wimbo lazima nikimbie kuzima kila kitu kabla irudi, kwa sababu ikirudi huwa haibishi hodi.

Kuna mambo ya pikapu za gitaa pia, zile sumaku na koili za waya chini ya nyuzi zenye zinashika sauti. Zile za koili moja zina sauti nyembamba, inang'aa, benga, muziki wetu wa Waluo, inaipenda hiyo kabisa, unataka kila noti isimame peke yake. Lakini koili moja ni antena. Inashika ule mvumo wa stima, mmmmm, na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni fundi wa milango, akiwasha mashine ya kuchomelea mimi hapa gitaa inaongea kabla niiguse. Dawa ilipatikana zamani, jamaa wa Gibson anaitwa Seth Lover aliomba hati ya uvumbuzi wake 1955: koili mbili, moja imezungushwa kinyume na sumaku zake zimegeuzwa, mvumo unaingia kwa zote mbili unauana, sauti ya nyuzi inabaki. Nikaweka hizo. Mvumo ukaisha, na ile kung'aa nayo ikapungua. Nikatoa nikarudisha za koili moja. Nikatafuta za katikati, koili mbili zimepandana ukubwa wa moja. Hiyo yote ni pesa na kushinda Kibuye na gitaa imefunguliwa tumbo. Siku ya mazoezi nikapiga nikiwa nimejiamini, nikasimama nikawaangalia, nikangoja. Mpiga dramu akanikazia macho, akaniangalia sana, akasema, "Omera, umenyoa?"

Hawa ndio wenzangu.

Halafu matanga. Tulikuwa Bondo juzi, jenereta iko nyuma ya choo, umeme unapanda unashuka, dilei nimeipima na mguu wa mpiga dramu mpaka inarudi pale pale mahali noti inayofuata inaingia, na inakuja ile sehemu ya kati, waimbaji wametulia, magitaa yanabaki peke yao, hapo ndio mtu anaishi. Napiga noti ya kwanza. Jamaa wa kofia anainua mkono na noti ya elfu, simamisha! Pakruok, ile ya mtu kulipa ajisifu. Sasa lazima tusimame, ajisifu, asifu ukoo wa mamake, asifu marafiki zake wa Nairobi wenye hawakukuja, na dilei yangu hapo chini inaendelea kurudia ile noti moja, ti, ti, ti, ti, mpaka kiongozi wa bendi akaniangalia na akasema kwa maikrofoni nizime hiyo simu. Halafu jamaa wa kofia akamaliza, akacheza akija upande wangu kunitunza, akasimama na buti yake ya matope juu ya korasi.

Wakati wa chakula mzee mmoja akaniita. Akaangalia lile sanduku, akasema D.O. Misiani, yule mkongwe wa benga, hakuwa na hizi vitu. Nikasema ni kweli mzee wangu. Mzee huwezi kubishana naye kwake. Lakini nikakaa na ugali yangu nikifikiria, huyo Misiani wenyewe tunamsifu alitoka Shirati akachukua mapigo ya nyatiti, kitu cha nyuzi nane na ngozi ya ng'ombe, akayaweka kwa gitaa ya stima na spika. Si kuna mzee pia alikuwa ameketi mahali siku hiyo na hakufurahi? Hiyo ningesema kama nyama ilikuwa imeshapita. Haikuwa imepita.

Na kurudi kwa jukwaa napata mpiga kinanda amenisaidia. Ameona taa ya DS-1 imefifia, akatoa kwa begi yake adapta ya ruta ya intaneti, "inaingia sawa sawa!" Inaingia, ndio. Ni volti 12 na katikati ya plagi yake ni chanya, pedali inataka 9 na katikati hasi. Kulikuwa na harufu. Sasa bendi ilikaa kikao, wakakubali nimefanyiwa vibaya, wakasema tutanunua adapta ya kundi, lakini kwanza mashati, halafu tairi ya mbele ya gari, halafu tuone.

Kwa hivyo kama kuna mtu hapa Kisumu ako na adapta ya volti 9, hasi iwe katikati, aseme bei na nitakuja mwenyewe kuichukua. Ya ruta usiniletee. Za ruta nimeshaletewa za kutosha.