Sifuri Inayosema Pesa Imeingia

Aliyewahi kuunganisha duka la mtandaoni na M-Pesa kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, analijua jibu linalorudi mteja akishaweka namba yake ya siri. Ni JSON, yaani data iliyoandikwa kwa majina na thamani zake, ya tabaka ndani ya tabaka: Body, kisha stkCallback, kisha CallbackMetadata, kisha orodha ya Item. Huko chini kabisa ndiko kiliko kiasi, namba ya risiti, tarehe na namba ya simu, kila kimoja kikiwa jozi ya Name na Value.

Wapo wanaosema ichukue ilivyo, uchimbe unachotaka. Wengine husema igeuze kwanza iwe vitu vyenye aina zake (hiki namba, kile tarehe), ndipo mfumo wako uiguse.

Wa kwanza wana hoja. Kuandika aina nne ili upate thamani nne ni kazi, na programu ya mistari ishirini inayosomwa leo na kutupwa kesho haistahili mzigo huo. Sina ugomvi nao hapo.

Ila wanadhani wenzao wanatafuta urembo, kwamba malipo.kiasi inapendeza kuliko mabano manne mfululizo. Sivyo. JSON hii haijielezi yenyewe. TransactionDate huja kama namba, mfano 20191219102115. Hiyo ni tarehe 19 Desemba 2019, saa 4:21 asubuhi na sekunde 15. Toka 10:59:59 hadi 11:00:00 ni sekunde moja, lakini ukitoa namba hizo unapata 4041, wala hakuna hitilafu itakayokuonya. Mteja akighairi, ResultCode, yaani namba ya matokeo, huwa 1032 na CallbackMetadata haiji kabisa. Kuna na sifuri, alama ya kwamba mambo yamekwenda sawa: jibu la awali, lile la kukubali ombi, huileta kama maandishi, na jibu la mwisho huileta kama namba. Ukigeuza mlangoni, mambo haya yanajulikana mahali pamoja. Usipogeuza, kila kipande cha msimbo kinachochimba lazima kiyajue upya, na kimoja kitasahau.

Hata hivyo, jambo linalonisumbua kuliko yote liko upande huu ninaoutetea. Katika lugha ya programu ya Go, maktaba ya encoding/json ikikosa uga (sehemu yenye jina) kwenye data huuacha na thamani yake ya mwanzo, na kwa namba nzima thamani hiyo ni 0. Haitoi hitilafu. Na kwa Daraja, ResultCode 0 maana yake malipo yamefaulu. Sasa mtu asahau tabaka moja tu, muundo wake uanzie stkCallback badala ya Body. Maktaba haitaona inachokitambua, itanyamaza, na ResultCode itabaki 0. Kama msimbo unaangalia uga huo peke yake, oda inahesabiwa imelipwa. Anayejua anwani yako ya kupokea majibu hahitaji hata kubuni risiti: akituma {} tupu, anapata sifuri ileile. Aliyechimba kwa mabano katika Python angesimamishwa na KeyError, hitilafu ya jina lisilopatikana, kwa hiyo siku hiyo asiye na aina angekuwa salama kuliko mwenye nazo.

Wala si Go peke yake. Neno as la TypeScript, linalodai data ni ya aina fulani, halikagui chochote programu inapoendeshwa. Gson, maktaba ya kusoma JSON, huweza kuingiza null (utupu) katika uga ambao lugha ya Kotlin imeahidi hautakuwa na null.

Ninachokitetea basi ni ugeuzaji unaokataa. Pydantic ya Python hukataa uga wa lazima ukikosekana, na kotlinx.serialization ya Kotlin vilevile. Katika Go, ResultCode iwe kielekezi, yaani *int, kinachoonyesha namba ilipo, ili kukosekana kuwe nil (hakuna kitu) badala ya 0, kisha mstari mmoja uikatae nil hiyo kabla ya jambo jingine. Jaribio la kwanza ninaloandika kwa muundo wa malipo ni kuupa {}. Ukinirudishia malipo badala ya hitilafu, hauingii kwenye seva.