Tamthilia za Kijapani: msiilaumu bajeti kabla ya kuhesabu fremu

Wengi wakiona tamthilia ya Kijapani ya miaka ya 1990 husema ilikosa fedha. Sikubaliani nao. Kinachosumbua macho ni kamera za video zilizorekodi nusu-picha 60 kwa sekunde, mistari ya witiri na ya shufwa kwa zamu. Mwendo unatoka laini mno, kama mechi au taarifa ya habari, na mshono wa wigi kwenye paji la uso wa samurai unaonekana wazi. (Runinga yenye kipengele cha kulainisha mwendo huleta sura hiyohiyo hata kwenye kazi mpya. Kizime.)

Taa nazo zinachangia. Studioni kamera tatu au nne hurekodi kwa pamoja, hivyo mwanga lazima ufae kila pembe. Taa zinaning'inizwa juu, vivuli vya chini ya macho na pua vinajazwa, uso unabaki bapa. Kwa kamera moja taa hupangwa upya kila pembe; uso unapata umbo, ila siku inaisha kwa kurasa chache tu za mswada.

NHK, shirika la utangazaji la umma la Japani, ilithubutu katika tamthilia ya kihistoria Ryomaden (2010), kwa fremu (picha nzima) 30 kwa sekunde badala ya nusu-picha 60. Tamthilia yake nyingine, Taira no Kiyomori, ilipoanza Januari 2012, gavana wa wakati huo wa mkoa wa Hyogo, Toshizo Ido, alilalamika hadharani kwamba picha ni chafu. Kwangu mimi ule ulikuwa uamuzi sahihi. Vumbi lililoijaza picha, lililotengenezwa kwa wanga wa mahindi, liliipa karne ya 12 uhai. Hatari yake iko kwenye urushaji: chembe zinazoelea hubadilika kila fremu, na MPEG-2, mfumo wa kubana video wa matangazo ya ardhini ya Japani, ikizidiwa, picha hukatika vijisanduku, hasa gizani.

Halafu kuna umeme. Tokyo hutumia umeme wa Hz 50 (mizunguko 50 kwa sekunde), kama Afrika Mashariki. Osaka Hz 60. Chini ya taa za mirija za kizamani, shata (muda wa kamera kupokea mwanga) ya sekunde 1/60 inafaa Osaka, lakini Tokyo picha inapepesa, kwa sababu taa huwaka mara mbili kila mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde, na kila fremu hupata kiasi tofauti cha mwanga. Weka 1/100, ukubali kupoteza asilimia 40 ya mwanga, au 1/50 ukiwa kwenye fremu 30. Kagua kwenye monita kubwa kabla ya kurekodi. Kwenye kioo kidogo cha kamera kupepesa huko hakuonekani kirahisi.